Safari Yetu ya Kwanza Isiyo ya Kukimbia



Mwezi wa 2 niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la nne zoezi la kuandika. Niliweka ubaoni maneno haya: "Eleza safari moja uliyoifanya." Ni zoezi la kawaida, kila mwalimu analijua. Nilipokuwa mtoto mimi mwenyewe niliandika juu ya kwenda kwa bibi kuvuna mahindi, na mwalimu akanipa alama nzuri. Nilikusanya daftari 46, nikazipeleka nyumbani kuzisahihisha usiku kwa taa ya sola.

Daftari ya kwanza ilianza hivi: tulikimbia usiku. Ya pili: siku ile tulipokimbia, baba alikuwa shambani. Katika ya tatu mtoto alieleza namna alivyobeba kuku, na mama amebeba mdogo wake. Nilipofika daftari ya kumi niliweka kalamu chini. Watoto wangu karibu wote waliposikia neno safari walielewa kukimbia.

Mume wangu alikuwa kando, anasafisha karburateri ya pikipiki ya mtu. Nikamwuliza: "Baba Watoto, kama mwalimu angekupa zoezi hili, ungeandika safari gani?" Akafikiri kwa muda mrefu. Mwisho akasema: "Labda ile ya Tchomia."

Na mimi ningeandika hiyo hiyo. Tulifunga ndoa mwaka 2012. Tangu wakati ule tumetembea sana, usiku na mchana, na mizigo kichwani. Lakini hatukuwahi hata siku moja kutoka sisi wawili kwenda mahali kwa sababu tu tunapenda kupaona. Usiku ule neno la Kampala likaanza.

Pesa na watoto

Najua swali la kwanza ambalo mama atauliza: mwalimu na fundi wa pikipiki walipata wapi makuta ya kwenda Kampala? Nitajibu waziwazi, maana najua hata maneno yaliyosemwa nyuma yetu.

Zamu yangu ya likelemba ilikuwa mwezi wa 4. Sikuigusa kwa kitu kingine, ingawa kikwembe kipya kiliniita kila siku ya soko. Mume wangu aliuza mbuzi mmoja, na kazi tatu kubwa alizofanya kwa motari hakuzila. Tuligawanya makuta katika bahasha tatu: ya kwanza njia ya kwenda na kurudi, ya pili kulala na kula, ya tatu ugonjwa au tatizo. Bahasha ya tatu nilishonea ndani ya nguo yangu. Minervali ya watoto ilikuwa imelipwa mbele ya yote hayo. Mama atakayetaka kutufuata, aanzie hapo: safari isile chakula cha watoto.

Siku nazo tulizitafuta kwenye kalenda. Tarehe 30 mwezi wa 4 ni siku ya walimu katika nchi yetu, na tarehe 1 mwezi wa 5 ni sikukuu ya kazi. Mwaka huu ziliangukia siku ya nne na siku ya tano, zikafuatana na siku ya posho na siku ya Mungu. Niliomba ruhusa kwa direkta kwa siku ya posho na siku ya kwanza, nikamwachia mwenzangu masomo yameandaliwa. Hivyo tulipata muda bila kuharibu kazi.

Watoto wanne tuliwaacha kwa mama mkwe. Hilo lilinitesa kuliko makuta. Usiku wa mwisho niliorodhesha dawa, namba za simu, mtoto gani anaogopa giza. Mama mkwe alinitazama akacheka: "Mama Watoto, mimi nimelea saba. Nenda, usiniandikie ubaoni."

Njiani

Tulitoka Djugu siku ya tatu mchana, baada ya masomo, kwa barabara ya RN27. Tulikuwa tumewauliza madereva kwanza kama njia inapitika, kwa sababu hapa kwetu swali hilo linatangulia kufunga mizigo. Tulilala Mahagi kwa mama yangu mdogo. Asubuhi mapema tukavuka mpaka wa Goli.

Hapo mpakani nawaambia mambo matatu. La kwanza, karatasi: paspoti au karatasi ya njia inayokubaliwa, na ile kadi ya manjano ya chanjo. Kama huna, ulizia biroo husika wiki kadhaa mbele, usingoje kufika kizuizini. La pili, saa: Uganda wametutangulia saa moja. Kwetu ni saa moja asubuhi, kwao ni saa mbili tayari. Tuliona watu wakikimbilia basi ambalo limekwenda, kwa sababu hawakugeuza saa. La tatu, fedha: badilisha kidogo, hesabu mbele ya macho yako, na uandike kwenye kikaratasi elfu kumi ya shilingi ni franka ngapi. Shilingi yao ni ndogo kuliko franka yetu, na hesabu ya kichwa inadanganya mtu aliyechoka.

Kutoka Nebbi basi linashuka mpaka Pakwach, ambako daraja linavuka mto Nile. Maji haya yametoka kwenye Ziwa Albert, ziwa letu. Mbele zaidi, Karuma, unavuka tena Nile, na huko mto unapiga kelele juu ya mawe. Nyani wanakaa kando ya barabara kama watu wanaongoja gari. Mume wangu alinigusa mkono anionyeshe nyani mmoja mwenye mtoto mgongoni, tukacheka.

Nawaambia ukweli: hicho kicheko kilikuwa mazungumzo yetu karibu yote ya siku ile. Saa nyingi ndani ya basi, na hatukuwa na la kusema. Tulizungumza juu ya watoto, kisha juu ya makuta, kisha juu ya usalama. Mambo hayo matatu yalipokwisha, tulinyamaza. Niliangalia dirishani nikajiuliza: je, tunajuana bado, au tumekuwa watu wawili wanaoendesha kambi moja?

Usiku wa kwanza

Tuliingia Kampala jioni. Mama, hakuna anayeweza kukueleza kelele ile. Pikipiki za boda boda zinapita kama nyuki. Jina hilo, wanasema, lilianzia mpaka wa Busia kati ya Kenya na Uganda, ambapo vijana walivusha watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili. Magari yao yanapita kushoto, sisi tumezoea kuume. Mara mbili mume wangu alinivuta nyuma kwa nguo, kwa sababu nilikuwa nikitazama upande usio wenyewe. Mtu wa kwetu akivuka barabara pale, atazame kuume kwanza.

Tulipata chumba katika nyumba ndogo ya wageni, safi, bei ya watu wetu. Tulikula roleksi: chapati imezungushiwa mayai na nyanya. Tukaoga. Tukalala.

Katikati ya usiku kitu kililia nje: pa, pa, pa. Mimi niliamka nikiwa nimesimama, mkono mmoja unatafuta mtoto kitandani. Mtoto hakuwepo, na moyo ulitaka kutoka. Nilipogeuka nikamwona mume wangu ameketi upande wa pili wa kitanda. Amevaa suruali na shati. Amevaa viatu, na kamba amezifunga.

Ilikuwa pikipiki inayotoa moshi vibaya. Fundi wa pikipiki hakuitambua sauti ya pikipiki!

Tulitazamana. Kisha nikaona viatu vyangu, vimepangwa chini ya mto wa kitanda, midomo inaangalia mlango. Nilivipanga mwenyewe kabla ya kulala, bila kufikiri, jinsi tunavyofanya hapa nyumbani miaka yote. Tulianza kucheka. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha nikatambua kwamba mume wangu hacheki tena, analia, na mimi pia.

Nimeandika jambo hili kwa sababu najua katika nyumba ngapi za Djugu viatu vinalala karibu na kitanda. Tumezoea hata hatuoni. Ilibidi twende mbali ili tuvione viatu vyetu wenyewe.

Siku ya tano tulipotezana

Asubuhi niliomba jambo moja: kuona Makerere. Tangu nilipokuwa nasoma kwenye ISP ya Bunia nilisikia jina hilo. Tulitembea ndani ya uwanja wake mkubwa, chini ya miti, hadi jengo kuu jeupe lenye mnara. Shule hiyo ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na vijana 14 tu, wakijifunza useremala, ujenzi na umekanika. Mume wangu aliposikia umekanika alijiweka sawa shati: "Unaona? Walianza na watu kama mimi." Jengo kuu liliungua mwezi wa 9 mwaka 2020, moto ukala paa na vyumba. Leo limesimama tena. Nilikaa mbele yake kwa muda. Nimefundisha katika shule iliyounguzwa, chini ya turubai, na nilihitaji kuona kwa macho jengo lililoungua likarudi.

Kutoka pale tulishuka mjini, na hapo ndipo tatizo lilipotokea. Mume wangu aliona soko la Kisekka, ambako wanauza vipuri vya magari na pikipiki, akawa kama mtoto. Mimi nilitaka kwenda Owino, soko kubwa ambalo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, kutafuta nguo za watoto. Nikasema: "Nakwenda polepole, utanifuata." Yeye akasema: "Nakuja sasa hivi."

Kati ya hapo kuna kituo cha zamani cha teksi. Fikirini soko letu siku ya soko, kisha ondoeni watu mweke mabasi madogo meupe, moja limegusa lingine, kisha rudisheni watu wote katikati yake. Niligeuka, sikumwona. Nikarudi, sikujua nimetokea wapi. Simu yangu haikuwa na laini ya Uganda. Hatukuwa tumepatana mahali pa kukutana. Mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto mambo ya usalama barabarani!

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alinisikia nikisema peke yangu kwa Kiswahili. Kampala wengi wanasema Kiganda, lakini yeye alijua Kiswahili kidogo. Aliniketisha kwenye kiti chake, akanipa maji na simu. Nilikuwa na namba moja tu, ya nyumba ya wageni, nimeiandika kwenye kikaratasi cha hesabu. Nikapiga. Walisema: mume wako yuko hapa, amekaa mlangoni. Yule mama alikataa makuta yangu. Hakuuliza nimetoka wapi, wala mimi ni wa kabila gani. Nilimwambia "webale", ndilo asante yao, neno la pekee nililokuwa nimejifunza.

Nilipofika kwa boda boda, mume wangu alisimama akitaka kunieleza. Sikumpa nafasi. Nilisema: "Umeniacha tena."

Neno hilo "tena" lilitoka peke yake. Sikulipanga. Tulilisikia sote wawili. Hakujibu kitu. Tulikula kimya, tukalala kimya.

Siku ya posho: mnara na ziwa

Asubuhi tulikwenda hivyo hivyo, bila maneno, hadi mlima wa Old Kampala, penye msikiti mkubwa wa taifa uliofunguliwa mwaka 2008. Wageni wa dini zote wanaruhusiwa, wanalipa kidogo, na wanawake wanapewa kitambaa cha kujifunika kama hawana. Mnara wake una ngazi nyingi sana. Nilizihesabu hadi 120, kisha pumzi ikanikatisha hesabu.

Kutoka juu unaona mji mzima, vilima baada ya vilima. Kijana aliyetuongoza alituonyesha kwa kidole: ule ni Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana. Ule ni Rubaga, kanisa kuu la Wakatoliki. Kule ni Makerere. Na sisi tumesimama juu ya msikiti. Kila kilima kinamwona mwenzake kila asubuhi, na watu wa vilima vyote wanakutana sokoni. Nilifikiri juu ya vilima vyetu vya Djugu. Mume wangu aliweka mkono wake juu ya chuma karibu na wangu. Sikuuondoa.

Mchana tulipanda teksi hadi Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, ambapo wavuvi wanaleta samaki. Tuliagiza samaki mmoja wa kukaanga na ndizi, tukakaa tukiangalia maji. Mtumbwi ulikuwa unapakia watu. Mama mmoja alimpokeza mtoto wake kwa mtu aliyekuwa ndani, kisha yeye akaingia, nguo zikamlowa hadi magotini. Mikono yangu ilianza kutetemeka, nikaacha kula.

Wengi wenu mnajua mwanzo wa mwaka 2018, kwa sababu mlikuwa pamoja nami. Watu wa Djugu walishuka ziwani kwa maelfu, Tchomia na penginepo, kupanda mitumbwi ya kwenda Uganda. Mimi nilikuwa na watoto wawili, mkubwa wa miaka mitano na mdogo mgongoni. Mume wangu alitupandisha mtumbwini, akamlipa mwenye mtumbwi, akasema: "Nitakuja kesho." Sisi tulifika Sebagoro, wakatupeleka Kagoma, katika kambi ya Kyangwali. Yeye alifika baada ya wiki kumi na moja. Tangu siku aliyofika hatukuzungumza tena juu ya wiki zile. Kulikuwa na hema la kujenga, maji ya kuchota, kisha kurudi, kisha kuanza upya. Nani ana nafasi ya maneno?

Ggaba tulikuwa na nafasi. Nikamwambia: "Niambie sasa. Kesho yako ilikuwaje wiki kumi na moja?"

Akaniambia. Alirudi kumchukua mama yake, ambaye miguu ilikuwa imekataa kutembea. Hilo nililijua. Sikujua kwamba alimkuta amefichwa na jirani katika migomba, na kwamba jirani huyo hakuwa wa kabila letu. Sikujua kwamba alimsukuma kwa baiskeli usiku tu, hadi kambi ya waliohama mjini Bunia. Na sikujua kabisa jambo hili: alipokuwa Bunia alisikia kwamba mtumbwi umezama. Kwa siku tisa aliamini kwamba sisi watatu tumekufa. Kila jioni alikwenda kuwauliza watu waliotoka upande wa ziwa. Siku ya kumi alipata mtu aliyetuona Sebagoro.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nilikukuta uko hai. Sikutaka neno lile litoke kinywani mwangu."

Basi na mimi nikamweleza yangu. Kwamba kipindupindu kilipoingia kambini, mdogo wetu alishikwa. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba mtoto aliugua. Sikumwambia kwamba usiku mmoja, katika hema la wagonjwa, nilitafuta kikwembe cha kumfunika kwa sababu niliona amekwisha. Na kwamba usiku ule nilimchukia yeye kuliko watu waliotufukuza. Nililisema neno hilo, chukia, mbele ya sahani ya samaki. Hakuondoka. Alichukua mkono wangu hadharani, kitu ambacho huku kwetu angeona haya kukifanya.

Tulikaa hadi jua likashuka. Samaki alipoa. Hatukuona mji tena siku ile, wala hatukununua kitu, isipokuwa kikwembe kimoja cha mama mkwe tulichokipata njiani. Ninapomtazama mama huyo sasa, akinicheka juu ya orodha zangu, najua kwa nini wiki zilikuwa kumi na moja.

Siku ya Mungu alfajiri tulipanda basi la kurudi. Tulizungumza njia yote hadi Karuma, hata abiria wa mbele akageuka kututazama.

Tuliyojifunza

Wamama, mambo haya ninayaandika kwa kifupi, kwa yule atakayeyahitaji:

1. Lipeni kwanza minervali, chakula na dawa. Likelemba ya safari iwe ya mwisho katika mpango, lakini iwe na jina lake, isiliwe na kila kitu.

2. Mkiingia mji msioujua, patanini mahali pa kukutana kabla ya kufika sokoni. Kila mmoja aandike namba ya nyumba mnayolala kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kukataa.

3. Geuzeni saa mpakani. Tazameni kuume kwanza mnapovuka barabara. Kwenye boda boda ombeni kofia ya chuma na mpatane bei kabla ya kupanda.

4. Acheni biashara nyumbani. Tulipoanza kutafuta vipuri na nguo za kuuza, ndipo tulipopotezana.

5. Msijaze siku. Tulikuwa na orodha ya mambo tisa, tuliona manne. La maana halikuwemo katika orodha.

6. Msiogope mkigombana. Maneno ya miaka mingi hayatoki kwa utaratibu. Lakini msirudi nyumbani kabla ya kuyamaliza.

7. Si lazima iwe Kampala. Usiku mmoja Bunia unatosha, au siku moja Kasenyi kando ya ziwa, kama njia ni salama. Asiye na makuta, aombe saa nne za siku ya Mungu mchana, bila watoto, bila simu, chini ya mti wowote.

Kwa hili la saba nina ombi kwa chama chetu. Tunaweka likelemba ya franka. Tunaweza kuweka pia likelemba ya watoto. Mama mmoja anakaa na watoto wa mwenzake kwa usiku mmoja, na zamu inazunguka. Haitagharimu zaidi ya sahani chache za bugali na sombe. Nitaileta katika mkutano ujao, na mimi nitakuwa wa kwanza kupokea watoto. Wasio na waume tena, nao wana haki ya kupumzika na dada au rafiki. Tusiwasahau.

Siku ya pili nilirudi darasani. Daftari zile 46 nilikuwa nimezirudisha tangu mwezi wa 2, na kila mtoto nilimpa alama yake, kwa sababu walikuwa wameeleza vizuri. Lakini nilikuwa na deni kwao. Niliandika zoezi langu mwenyewe, ukurasa mmoja, nikawasomea: daraja la Pakwach, nyani wa Karuma, mnara wenye ngazi nyingi sana, roleksi. Walisikiliza kimya. Nilipomaliza, mtoto mmoja wa kiti cha nyuma aliinua mkono.

"Mwalimu, mlikuwa mnakimbia nini?"

Nikamjibu: "Hatukukimbia kitu. Tulienda kutembea, mimi na Baba Watoto, kisha tukarudi nyumbani."

Alifikiri kidogo. Kisha akauliza kama mtoto naye anaweza kwenda hivyo. Nikamwambia ndiyo. Na zoezi la mwezi wa 6, kabla ya likizo, nimekwisha kuliandika: "Eleza safari unayotaka kuifanya."